Ntumba za Mama Mdogo Mbele ya Jaji

Mimi nafundisha Uraia, na mdomo ninao. Miaka yote nimewaambia wanafunzi: Bunge linatunga sheria, Serikali inatekeleza, Mahakama inatafsiri, basi, kila mtu akae kwenye kiti chake. Jaji anayejitungia sheria nilimwona kama refa anayefunga mabao. Niliyasema hayo kabla kesi haijaingia kwetu.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliolewa kijiji cha Pito. Mumewe alipofariki, kaka wa marehemu, ambaye sisi tunamwita baba mkubwa, alisubiri matanga yaishe, kisha akatangaza kwamba shamba ni la ukoo, mjane hana lake. Mila ilikuwa upande wake, tena si mila ya kilabuni tu, imeandikwa katika sheria za nchi. Mama mdogo hakujaliwa mtoto. Bila lile shamba angerudi kwao Mpui kula kwa huruma ya kaka zake. Nililia kwa hasira, sifichi.

Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama Kuu pale mjini. Jaji alikuwa mtu wa pwani, amevaa sweta mbili ndani ya joho, maana baridi ya Sumbawanga haina adabu kwa wageni. Aliamuru kwamba mpaka atoe hukumu, shamba libaki kama lilivyo, asiliguse mtu.

Libaki kama lilivyo! Jamani, shambani mlikuwa na ntumba. Kwa asiye Mfipa: unakusanya nyasi chungu chungu, unazifukia kwa udongo, zinaoza humo hadi mvua za msimu unaofuata, ndipo unazitawanya na kupanda ulezi. Usipozitawanya, umejichosha bure. Mvua zilipoanza, mama mdogo alivumilia, akavumilia, kisha akachukua jembe. Nilipofika alikuwa ameshamaliza.

"Mama, umevunja amri ya mahakama!"

"Wamesema libaki lilivyo, mwanangu. Hili ni shamba. Nikiliacha litakuwa pori."

Baba mkubwa alikimbilia mahakamani hata matope hayajakauka kwenye jembe. Sasa mama mdogo angeweza kupoteza shamba na kufungwa juu yake, kwa kuidharau mahakama.

Siku ya kusikilizwa nilikaa nyuma, roho mkononi. Jaji akamgeukia baba mkubwa. "Nieleze, hizo ntumba ni nini?"

Mungu wangu! Mwulize Mfipa habari za ntumba uone. Baba mkubwa alisahau kilichomleta. Akaonyesha kwa mikono jinsi nyasi zinavyopinduliwa, akasema wenzetu wananunua mbolea dukani wakati sisi tunaipika wenyewe chini ya udongo.

"Na zisipotawanywa mvua zikija?"

"Aa, mheshimiwa, huo ni uzembe! Mtu kama huyo hata mke hapewi."

"Hizi za huyu mama zilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana. Pito nzima hakuna mwenye mkono kama wa shemeji yangu. Tangu aolewe, ndiye anayelilima lile shamba."

"Peke yake?"

"Ndugu yangu alikuwa mgonjwa wa kifua, mheshimiwa. Nani mwingine?"

Karani aliinama kuficha meno. Baba mkubwa akaanza kukohoa, lakini maji yakishamwagika hayazoleki.

Siku ya hukumu, jaji alisema mama mdogo hakudharau mtu; amri ndiyo ilitolewa na asiyeijua Ufipa. Kisha akaishika mila yenyewe. Alisema hatangoja Bunge liwakumbuke wajane. Katiba inasema watu wote ni sawa, na mila inayomnyima mke jasho lake haisimami mbele ya Katiba. Shamba ni la mama mdogo. Nilipiga vigelegele hadi askari akanitolea macho. Kuna sauti ndogo iliyoniuliza: na kesho akija jaji mwenye roho mbaya, naye akaamua hangoji Bunge? Nikaiambia inyamaze, tutabishana shuleni.

Nje, ngazini, baba mkubwa alikuwa anafoka. Atakata rufaa! Atafika Mahakama ya Rufani, ile ya juu kuliko zote, akasikilizwe na majaji watatu, siyo huyu mmoja anayetetemeka kwa baridi. Binti zake walikuwa wamesimama pembeni wakimsubiri, wanne, wote wameinamisha macho. Mtoto wa kiume hana. Akawatazama, akaacha kufoka, akanivuta kando.

"Mwalimu, hii hukumu ni ya shemeji tu, au inawahusu na hawa?"

"Inawahusu, baba. Mila iliyomnyima yeye kwa kuwa mwanamke ndiyo ingewanyima na wao."

"Na nikikata rufaa?"

"Ukishindwa, hakuna kilichobadilika. Ukishinda, mila imeshinda nchi nzima. Hakuna mahakama ya chini itakayothubutu kusema vingine, hata siku wewe hupo na hawa wanafukuzwa shambani kwako."

Akawatazama tena binti zake. Ukali wake wote niliokuwa nimeuchukia ulikuwa umemtoka usoni, amebaki mzee aliyechoka tu.

"Basi," akasema. "Na mtu asijue kwamba nimekuuliza."

Muda wa rufaa ulipita, naye hakutia mguu mahakamani.