Dereva wa Kamba

Pale sokoni Merigi walimwita Cherotich dereva wa kamba, na walikuwa wakicheka wakilitamka jina hilo. Mimi sikucheka. Mimi ni Nyatichi, nauza ndizi ninazozitoa kwetu Kisii, na pikapu yangu ndiyo iliyokuwa ikitangulia mbele ya hiyo kamba. Kwa hivyo nikisema najua, najua.

Cherotich hajawahi kuendesha gari yenye injini inayonguruma, hata siku moja. Mume wake, Kiptanui, alikuwa akibeba maziwa ya majirani kwa pikapu kuukuu, na hiyo pikapu ilikuwa na tabia ya kufia barabarani. Ikifa, Kiptanui anakuja kwangu. "Mama Atuti, nisaidie na yako." Nampa. Pikapu zetu zilikuwa mapacha, kimo kimoja na uzito mmoja, na kwa hilo alikuwa mkali. Alisema gari ndogo ikivuta kubwa, kwenye mteremko ile kubwa ndiyo itaisukuma ndogo mpaka mtoni. Basi anashika usukani wa yangu, na nyuma, kwenye ile iliyokufa, anamweka mke wake.

Watu walimuuliza mbona hamweki mwanamume. Alijibu kwamba gari ya mbele inaweza kuendeshwa na yeyote mwenye leseni, lakini ya nyuma inataka mtu unayemwamini, kwa sababu huyo ndiye anayewafungia breki wote wawili. Kamba ikilegea, yeye ndiye wa kuikaza. Wa mbele akipunguza mwendo na wa nyuma amezubaa, ni kugongana tu. Na breki za gari iliyozimika ni nzito, unakanyaga kwa mguu na mgongo wote.

Alimfundisha hayo yote kwenye milima yetu hii. Ufunguo ubaki kwenye swichi, usukani usije ukajifunga. Kitambaa chekundu kifungwe katikati ya kamba, ng'ombe na bodaboda wasipite hapo. Na wakifika nyumbani, Cherotich hakuwa na ruhusa ya kutoa mguu kwenye breki mpaka Kiptanui ashuke, aweke jiwe nyuma ya gurudumu, halafu aseme, "Achilia." Uwanja wao umeinama kuelekea kwenye majani chai. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Cherotich, na aliifanya akiwa ameketi wima kama yuko kanisani. Leseni hakuwa nayo, na msiniulize.

Mwaka huu Kiptanui alianguka Mulot, alikokuwa ameenda kununua mahindi. Ini lilikuwa limeharibika. Alilazwa hospitali, akakaa, kisha madaktari wakamwambia mke wake ampeleke tu nyumbani. Ukiambiwa hivyo, huhitaji kuelezwa. Pikapu ilibaki Mulot nyuma ya duka la rafiki yake, injini imekufa kabisa. Na kila asubuhi, pale kitandani, Kiptanui aliuliza jambo moja. "Gari imerudi?" Hakuuliza chakula, hakuuliza shamba. Alisema hawezi kulala vizuri kwake wakati ng'ombe wake wa magurudumu analala boma la mtu mwingine.

Cherotich alinijia Jumatano, hata ndizi sijazipanga. "Mama Atuti, nataka aione uwanjani kabla hajaenda. Nivute."

Nilipita kwanza kumsalimu mgonjwa. Macho yake yalikuwa manjano na mikono imebaki mifupa. Cherotich alimwinamia akamwambia, "Nikifika, useme achilia. Hata ukiwa hapa kitandani. Dirisha liko wazi, nitasikia."

"Nitasema," Kiptanui alijibu. "Kamba isilegee." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Mama Atuti, hasira zako uziache hapa. Gari haivutwi kwa hasira." Hata katika hali hiyo bado ananichokoza. Nilicheka, nikatoka, nikalilia nyuma ya jikoni. Binti yao Fancy ndiye aliyebaki naye.

Kule Mulot nilifunga kamba. Cherotich akaitazama, akaifungua. "Hii ni ya kufungia mbuzi," alisema, akaifunga upya mwenyewe kwenye chuma cha chini ya bampa, akakivuta kitambaa chekundu mpaka katikati. Tukawasha indiketa zote mbili, tukaondoka.

Jamani, kuvuta gari wakati mgonjwa anakungoja ni adhabu. Malori yalitupita yakitupigia honi, na mimi nilitamani kupaa. Kila nilipokanyaga mafuta, kamba ilishtuka, na Cherotich alipiga honi mara moja kule nyuma. Maana yake ni pole pole. Nilimlaani kimoyomoyo, nikapunguza. Alikuwa na haraka kunishinda, lakini alivyofundishwa ndivyo alivyofanya.

Juu ya mlima wa mwisho, tukiwa tumeshaacha lami, nilisimama injini yangu ipoe. Hapo simu ikalia. Ni Fancy.

"Mama Atuti, baba ameenda."

Nilitazama kioo. Cherotich alikuwa amekanyaga breki, mikono yote miwili kwenye usukani. Aliinua kidevu, kuniuliza kama tuendelee. Mbele yetu kulikuwa na mteremko, udongo umelowa mvua ya jana, na chini kuna daraja jembamba. Breki za magari yote mawili zilikuwa mguu wake.

Wapo wanaonilaumu mpaka leo. Wanasema ningeshuka nimwambie hapo hapo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimwambie, halafu nani ashike ule usukani? Mguu wa mtu anayelia haukanyagi breki. Au tungeiacha pikapu barabarani, ng'ombe wa marehemu alale nje siku ya kufa kwake? Cherotich asingenisamehe, na mimi nisingejisamehe.

Nikamwambia Fancy, "Mwanangu, usilie kwa sauti. Na waliofika waambie wanyamaze mpaka mama yako ashuke kwenye gari." Mtoto wa watu alinyamaza. Nilisikia tu anavyovuta pumzi.

Tukateremka. Nililia njia nzima nikiwa nimekaza shingo, mabega yasinitikisike akayaona. Kwenye kioo kile kitambaa chekundu kilikuwa kimetulia katikati ya kamba, hakikugusa ardhi hata mara moja. Sijawahi kuona mtu akifunga breki vizuri hivyo. Tulipoingia langoni alipiga honi mara mbili, ili mume wake ajue tumefika. Alikuwa anatabasamu. Mungu wangu, yule mama alikuwa anatabasamu.

Majirani walikuwa wamesimama kando ya ua, kimya. Nilishuka, nikatafuta jiwe, nikaliweka nyuma ya gurudumu la gari yake. Cherotich hakusogea. Alikuwa ameelekeza uso kwenye dirisha la chumba, mguu uko kwenye breki.

"Amelala?" akaniuliza.

"Shuka kwanza, Mama Fancy."

"Hajasema."

Nililisukuma lile jiwe kwa mguu likaze gurudumu. Cherotich akawatazama wale watu wa uani, mmoja baada ya mwingine, kisha akanirudia mimi.

"Nyatichi," alisema. Miaka yote hiyo hajawahi kuniita jina langu. "Mbona hasemi?"

Nikashika mlango wa pikapu. "Achilia," nikamwambia.

Alinitazama mpaka akaelewa. Kisha akautoa mguu taratibu, kama alivyofundishwa, na gari ikarudi kidogo ikaegemea jiwe. Ndipo Fancy alipolia.