Uso Mbele ya Ukuta wa Kijani

Nilipopanga chumba cha studio mtaa wa Katandala, ukuta wa nyuma ulikuwa umeshapakwa rangi ya kijani, kama majani ya mahindi machanga. Mwenye nyumba alisema rangi ni mpya, nisiiharibu. Nami niliipenda. Chumba kilikuwa kidogo, kwa hiyo stuli ya mteja niliibana karibu kabisa na ukuta, nikafunga taa zangu, nikaanza kazi. Upigaji picha nilijifunza mwenyewe, kwa kujaribu na kufuta. Nilijua kupata mwanga wa kutosha na kushika kamera bila kutikisika. Kuhusu rangi, nilidhani kila moja inakaa peke yake: kijani ni kijani, uso ni uso.

Miongoni mwa wateja wa mwanzo alikuwepo fundi seremala kutoka Kasense, mtu mzima, mcheshi, mwenye sauti nzito. Alitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni. Alipokuja kuichukua aliitazama kwa muda, kisha akaiweka mezani taratibu.

"Dada, mbona umenipiga kama maiti?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaitazama upya, nikaona alichokiona. Chini ya kidevu, pembeni mwa pua na ndani ya macho kulikuwa na ukijani hafifu, kama wa kitu kilicholala majini. Nikamwambia arudi nimpige nyingine bure.

"Nitarudi," alisema, akaondoka nayo hivyo hivyo.

Hakurudi. Kabla mvua hazijaisha alianguka asubuhi moja kwenye karakana yake, akafa.

Nilikwenda kumzika. Juu ya jeneza waliweka picha yangu, kwa sababu hakuwa na nyingine ya karibuni. Upepo ulikuwa mkali na ukungu ulikuwa bado haujainuka mashambani. Watu walipita kutoa heshima, wakafika kwenye picha, wakainama kuiangalia vizuri. Nyuma yangu mwanamke alimnong'oneza mwenzake.

"Hii walimpiga akiwa hai, au alipokwisha kufa?"

"Akiwa mzima. Aliyempiga ndiye huyo mbele yako."

Sikugeuka. Nilihisi macho yao shingoni hadi sala ilipoisha.

Baada ya hapo wateja walikatika. Jirani yangu muuza vocha ndiye aliyenieleza, kwa upole, kwamba mjini watu wanasema ukuta wangu unaona mbele: unamwonyesha mtu atakavyokuwa. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana hata mimi nilikuwa nimeanza kuupa ukuta ule mgongo kwa tahadhari, kama mtu anayekaa chumba kimoja na mbwa asiyemzoea.

Kwa kuwa hapakuwa na kazi, nilianza kujipiga mwenyewe. Nilikaa kwenye stuli, nikaiweka kamera ipige yenyewe, nikafungua picha kwenye kompyuta. Na mimi nilikuwa maiti. Nikadhani kamera ina kasoro, nikabadilisha mipangilio yake yote, bado. Nikabadilisha taa, bado. Ndipo siku moja nikaivuta stuli hadi karibu na mlango, mbali na ukuta, nikajipiga tena. Ule ukijani ukatoka usoni. Ukuta ulikuwa vilevile nyuma yangu, lakini sasa ngozi yangu ilionekana ina damu ndani yake. Kumbe taa zilikuwa zinagonga ukuta, na ukuta unanirudishia rangi yake mashavuni. Ulipokuwa mbali haukunifikia tena, ukabaki kuifanya ngozi ionekane na wekundu zaidi, kwa kusimama nyuma yake tu.

Nikaanza kutundika vitenge. Mbele ya chekundu uso wangu ulififia, ukawa kama wa mtu aliyeugua muda mrefu. Mbele ya kile cha rangi ya damu ya mzee nilizama, yakabaki macho na meno. Mbele ya bluu niliinuka. Uso ule ule, taa zile zile, lakini nilionekana kama niko karibu kusema neno. Nilikaa nikizitazama picha hizo zikiwa zimepangwa pamoja, nikaona kwamba sikumjua yeyote kati ya wale wanawake, na wote walikuwa mimi.

Arobaini ya marehemu ilipopita, mjane wake alikuja studio. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia ndani.

"Nasikia unajua kubadilisha rangi," alisema. "Mrudishie mume wangu rangi yake."

Nilifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliondoa ukijani kwenye vivuli vya uso, kisha nikageuza ukuta kuwa bluu. Macho sikuyagusa. Lakini ukuta ulipokuwa bluu, kahawia ya ngozi ikapata joto, na macho yale yakaacha kutazama kamera, yakanitazama mimi. Niliizima kompyuta, nikatoka nje kuota jua.

Mjane alipoiona alishika mdomo. "Ni yeye," alisema.

Haikupita muda mrefu akairudisha, imefungwa kwenye khanga. Safari hii aliingia ndani na kuketi.

"Chukua, mdogo wangu. Siwezi kukaa naye."

"Nimekosea wapi, mama?"

"Hujakosea. Watoto wanamwamkia kila asubuhi. Mdogo amemwekea ugali. Na mimi juzi nimejikuta nimempigia pasi shati." Akaisukuma picha kwangu. "Yule wa kijani nilijua amekufa. Huyu anangoja."

Niliipokea picha, nikaiweka kabatini. Akaniomba niende Kasense nimpige yeye na binti yake mkubwa, wapate picha yao wenyewe ya ukutani.

Nilikwenda alasiri, wakati wa kuvuna ulezi. Alinipokea amevaa kitenge cha kahawia iliyoiva, akasimama katikati ya shamba. Nilipoweka jicho kwenye kamera sikumwona. Ulezi ulikuwa umeiva kahawia na yeye alikuwa kahawia. Palikuwa na masuke yakiyumba, na mahali fulani ndani yake macho mawili.

"Mama, sogea kule juu, mbingu ikae nyuma yako."

"Hapa hapa," alisema. "Hapa ndipo alipokuwa akipita kwenda kazini."

Basi nikamwomba binti, aliyekuwa amevaa sweta la bluu la shule, asimame kando yake, asimguse. Bluu ile ilipokaribia, uso wa mama ukatoka kwenye ulezi kama mtu anayefungua mlango. Nilipiga haraka kabla jua halijabadilika. Sikuhitaji kurekebisha chochote kwenye kompyuta, na ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Nilimpelekea picha mimi mwenyewe. Aliishika karibu na dirisha, akaridhika na uso wake, akaridhika na wa binti yake. Kisha akaweka kidole kwenye nafasi kati yao wawili.

"Na huyu?"

Niliinama. Palikuwa na ulezi, na ndani yake kivuli kirefu cha kahawia inayokaribia nyeusi, chenye bluu kidogo upande mmoja iliyotoka kwenye sweta.

"Ni rangi, mama. Zikikaribiana zinafanya hivyo."

Alinitazama kwa huruma, kama anayemsikiliza mtoto akijieleza. Akaipangusa picha kwa upande wa khanga, akaenda kuitundika.

Hiyo hakuirudisha. Nimepita kwake mara kadhaa tangu hapo, wateja wameshanirudia na ukuta wa studio nimeupaka bluu iliyopoa. Picha iko sebuleni, na kila ninapokaribishwa nakaa kwenye kiti ambacho hakiitazami.