Buluu ya Mlango

Nyumbani kwa wifi yangu kuna sheria moja: rangi ikilala, hakuna kupiga kelele. Mgeni akifika mchana akatukuta tunanong'ona, hudhani ndani kuna mgonjwa. Kumbe ni bakuli la krimu ya kupambia keki, limefunikwa vizuri, limetulia juu ya kabati. Sheria hiyo ilianza wanawe walipokuwa wachanga, wakilala saa zilezile alizokuwa akiziacha rangi zikolee. Watoto wamekua, mmoja amenipita kimo, lakini kunong'ona kumebaki. Hata mimi, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara, nikiingia jikoni mle natembea kwa ncha za vidole.

Watu humwita Mama Giza. Keki nyeupe na za waridi kila mtu anapamba, lakini ukitaka nyekundu pyu au nyeusi tititi, utaelekezwa kwake. Nami ndiye ninayempigia siagi na sukari, nikiongea kuliko ninavyofanya kazi, kama anavyosema mwenyewe. Siri yake hamfichi mtu. Wengi humimina rangi mpaka krimu iwe nyeusi papo hapo, halafu inakuwa chungu, na wageni wanatoka harusini na meno ya buluu. Yeye hutia kidogo, hukoroga, na rangi inapofika pale ambapo mteja angesema bado, anaweka mwiko chini. Krimu ikipumzika, rangi hujikoleza yenyewe.

Hilo alifundishwa na baba yake, fundi rangi wa nyumba, mtu ambaye hajawahi kushika keki ila kwa kuila. "Rangi mbichi ni mwongo," mzee husema. Kuta na milango aliyopaka haina idadi. Kusifu tu ndiko kulikomshinda. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," angekwambia, na mjadala umekwisha. Kazi ikimridhisha kabisa kabisa alisema, "Iache hivyo," na vibarua wake walirudi makwao kifua mbele kwa maneno hayo mawili. Wifi hakuwahi kuyapata. Alimpelekea keki ya zambarau siku moja, mzee akala, akashukuru, akasema kupaka rangi kitu cha kuliwa ni kuchezea kopo la rangi. Wifi alicheka. Baadaye tukiosha vyombo aliniambia maneno yale yalimchoma.

Asubuhi moja mzee akafika kutoka kliniki ya macho. Presha ya macho ilikwishalichukua jicho la kulia. La kushoto, daktari alimwambia, halina muda, na kilichopotea hakirudi.

"Naona kama nachungulia kwenye tundu la ufunguo," alisema, akijikalisha dirishani. "Tena penye jua. Kwingine kote ni ukungu."

Jioni kaka yake wifi angekuja na gari kumrudisha kwake, na kwake ni mbali. Hakuna aliyesema kwamba safari nyingine akija atakuja kwa kushikwa mkono. Tulijua wote, tukammiminia chai.

Wifi akafunga aproni. Nikamuuliza anapambia nani, maana oda hatukuwa nayo.

"Mlango wa kwetu," akaninong'oneza.

Mlango huo nimeusikia tangu alipoolewa na kaka yangu. Ulikuwa wa nyumba waliyokulia, wenye buluu nzito inayokaribia weusi, na mzee aliichanganya mwenyewe kwa ajili ya mkewe, Mungu amrehemu. Nyumba ilishavunjwa, na mlango hatujui ulikoishia. Wifi alitaka baba yake aione ile buluu mara moja tena, na aione kutoka mkononi mwake, kabla jicho halijafunga.

Keki tupu ilikuwepo, ya jana. Nikapiga krimu, yeye akatia buluu, akatia nyeusi kidogo, akakoroga. Ikatoka rangi ya shati la shule lililofuliwa sana.

"Ongeza," nikamwambia.

"Itakuwa chungu."

"Wifi, jua halikusubiri wewe. Likishapita lile ghorofa, dirisha hilo ni kiza."

Mkono wake ukaenda kwenye kichupa cha rangi.

"Mnabishana nini?" mzee akauliza kutoka kitini.

"Rangi, baba. Bado nyepesi."

"Mbichi?"

"Mbichi."

"Basi mnabishana na mwongo. Ifunikeni."

Wifi akacheka kidogo, akakiacha kichupa. Kabla ya kufunika, alichovya kijiti cha meno kwenye rangi nyekundu, akaigusa krimu kwa ncha tu, akakoroga tena. Nikamwambia sijapata kuona buluu ikitiwa nyekundu. Akaniambia ninyamaze, rangi inalala.

Nyumba ikatulia. Mzee akasinzia, kidevu kifuani. Friji ilikuwa ikiunguruma polepole, na vumbi la sukari lilielea kwenye mwanga likakataa kutua. Jua lilitambaa juu ya meza, likaacha vikombe, likaacha kisu. Nadhani nami nilipotea kidogo, maana niliona milango ya buluu imesimama peke yake, bila kuta, na mtu anaipita mmoja mmoja bila haraka. Nilipofumbua macho wifi alikuwa palepale, mikono mapajani, akitazama jua linavyoondoka na baba yake anavyolala. Aliogopa, na hakumwamsha.

Alipofunua bakuli, buluu ilikuwa imekolea, inakaribia weusi. Akaipaka keki kwa kisu, mkono wa kwanza na wa pili kama ukuta, akalainisha. Jua lilikuwa limebaki ukanda mwembamba ukingoni mwa dirisha. Akavuta kigoda, akaiweka keki kwenye ukanda huo.

"Baba."

Mzee akaamka. Akageuza kichwa huku na huku kama kuku, akitafuta pale jicho linapopenya, kisha kichwa kikasimama. Halafu akanyoosha mkono, akaigonga keki kwa kifundo cha kidole, kama alivyopima milango kama imekauka. Shimo likabaki. Nilitaka kupiga yowe, wifi akanishika.

"Umetia nyekundu," mzee akasema.

"Ncha ya kijiti, baba."

"Mama yako alisema buluu bila nyekundu ina baridi." Akalamba kidole. "Ila mlango wetu haukuwa mtamu hivi."

Wifi akachukua kisu kuziba lile shimo. Mzee akamshika mkono.

"Iache hivyo," akasema. "Rangi imefika."

Wifi aliweka kisu chini, akalia wazi, bila kujificha. Nje honi ikalia. Kaka yake amefika.

"Mwambieni angoje," mzee akanong'ona. "Bado natazama."