Kitufe cha Kisima cha Merti

Siku yangu ya kwanza kazini Isiolo, miaka michache baada ya ugatuzi, Meneja wa Mawasiliano alinionyesha kompyuta moja na tovuti ya kurasa nane. "Mama Kendi," alisema, "hii tovuti isilale. Watu wa visima wanaitegemea." Shirika letu dogo lilikarabati pampu za visima kuanzia Kinna hadi Kipsing. Pampu ikiharibika, mlinzi wa kisima alifungua ukurasa kwa simu, akaandika kasoro, akabonyeza Tuma, na fundi akaondoka na pikapu.

JavaScript, lugha inayoupa ukurasa uhai, ilikuwa na vituko enzi hizo. Kilichofanya kazi kwa simu ya meneja kiligoma kwa simu ya mlinzi. Ndiyo maana tulitumia jQuery, maktaba saidizi, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, unaosawazisha tofauti za vivinjari, programu za kufungulia kurasa. Mistari kumi ikawa miwili. Niliipenda, na kila mgeni aliyeajiriwa nilimfundisha hiyo kwanza.

Meneja alipohamishwa, akaja Mkurugenzi aliyetaka tovuti nyepesi. Akamwajiri Talaso, msichana wa Kinna, hodari kweli. Nilimwambia aanze na jQuery.

"Mama, vivinjari vya sasa vinajua haya yote," alijibu. "Mbona nijifunze kitu kimezeeka?"

"Kwa sababu bado kiko ndani ya tovuti yetu."

Mkurugenzi alicheka, akaniomba nisimcheleweshe msichana. Talaso akaiondoa maktaba ile, na kurasa zikafunguka upesi ajabu. Mimi nilikuwa nimeudhika, kwa hiyo sikukagua kazi yake. Kosa hilo ni langu.

Wiki hiyo haikuja ripoti hata moja. "Visima vyote vizuri, tumshukuru Mungu," Mkurugenzi alisema mkutanoni. Lakini kiangazi kilikuwa kimekaza, na pampu huharibika zaidi wakati kama huo. Nikampigia Guyo, mlinzi wa kisima kimoja huko Merti.

"Salaam aleikum, Guyo. Kisima kiko aje?"

"Aleikum salaam, mama. Kimekufa siku nne. Nabonyeza, nabonyeza, nikadhani ni network. Akina mama wanachimba mchanga wa mto. Mbuzi wengine hawasimami tena."

Fundi aliondoka saa hiyo hiyo. Talaso alikuwa amesikia kila neno. "Ni mimi nimefanya hivi," alisema.

"Sogeza kiti," nikamwambia.

Tulifungua faili la zamani. Kitufe cha Tuma kilikuwa kinaiita jQuery ipeleke ripoti, na jQuery haikuwepo tena. Talaso hakuelewa alama zile za jQuery. Mimi nilizielewa, ila sikujua kuandika kwa mtindo wa sasa. Basi nikamsomea mstari kwa mstari: "Hapa inachukua jina la kisima. Hapa inangoja jibu." Naye akaandika upya kwa JavaScript tupu. Alasiri ripoti zikaanza kumiminika, mbili za Kipsing zikitangulia.

Kesho yake Guyo alipiga simu. "Mama, sikia," alisema, akaisogeza simu kwenye birika la kunyweshea mifugo. Nilisikia maji yakianguka, na mbuzi wakilia na kusukumana. Talaso aliinamisha kichwa mezani akalia. Mimi nilicheka mpaka Mkurugenzi akatoka kuuliza kuna nini.

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza kama wajifunze jQuery. Nawaambia wajue JavaScript kwanza, na kazi mpya wasiijenge juu ya maktaba ya zamani; hapo Talaso alikuwa sawa. Lakini watenge siku chache wajue kuisoma, maana tovuti nyingi wanazorithi bado zinaiita, na watu wa mbali wanazibonyeza.

Kwa miaka mingi niliogopa kwamba nitastaafu na ujuzi usiotakikana na mtu. Baada ya alasiri ile woga ulinitoka. Mwezi uliofuata nilijaza karatasi za kustaafu, Talaso akanisindikiza hadi langoni, nami nikaenda nyumbani nikalala mpaka jua likawa juu.