Sabuni Iliyofunikwa Blanketi la Rurambo

Mama mkwe wangu hajawahi kunitukana. Ananusa tu. Kila akishuka kutoka Rurambo, kule milimani, kuja kwetu Songo, hapa Uvira, ananikumbatia, ananusa bega langu, kisha anamwambia mwanawe, yaani mume wangu, kwa upole kabisa, kwamba nyumba iko nzuri ila inanuka ndagala. Mimi ni mtoto wa mwambao, nimelelewa na ndagala, vile visamaki vya ziwani, ningenuka nini, maziwa? Lakini iliniuma, siwezi kudanganya. Zawadi zangu zote alikuwa anazigawa njiani akirudi. Safari hii nikaapa atabeba kitu cha mkono wangu mpaka ndani ya nyumba yake.

Nikaamua iwe sabuni ya mawese, yenye marashi ya waridi.

Sabuni hii haipikwi motoni. Ufundi wake wote uko kwenye joto. Soda kali ukiimimina ndani ya maji, maji yanachemka yenyewe, na mawese nayo lazima uyayeyushe kwanza. Kabla ya kuvikutanisha, vyote viwili vipoe mpaka viwe vuguvugu, na jua la Uvira halijawahi kumsaidia mtu kupoza kitu. Kwa hiyo naweka ndoo ndani ya beseni la maji ya ziwa, napima kwa kipimo cha homa. Kikigoma kusoma, mafuta bado ni ya moto. Kikionyesha homa ya kumzuia mtoto asiende shule, tayari. Kipimo hicho hakijarudi tena kwapani mwa mtu, msiniangalie hivyo.

Halafu kuna marashi. Ya limau yana adabu. Ya waridi yana kiherehere: ukiyatia tu, ule uji wa soda na mawese unashikana haraka na kupata joto upya ndani ya kisanduku cha kuugandishia. Dawa yake ni kuiacha sabuni wazi penye upepo. Nikaiweka juu ya matofali barazani, upande wa ziwa, nikamwomba mama mkwe aangalie kuku wasiikanyage, nikaenda sokoni.

Sasa, mtu wa Rurambo humwachii kitu kilichozaliwa leo kikiwa uchi kwenye upepo. Kule juu baridi haina utani. Ndama akidondoka anafunikwa, maziwa yanafunikwa, mgeni anafunikwa kabla hajaulizwa habari za safari. Alisubiri nipotee machoni, akagusa ubavu wa kisanduku, akakuta kina joto, akausikia ule upepo, akanihukumu. Akaleta blanketi lake zito la mistari, lile asiloweza kulala bila hilo, akakifunga kisanduku kama mtoto wa mgongoni.

Niliporudi nilikuta blanketi linapanda polepole. Nikalivuta. Sabuni ilikuwa imevimba, imepasuka katikati, inamwaga uji wa rangi ya chungwa juu ya matofali, na waridi linanuka mpaka kwa majirani. Nikamkataza mama mkwe asiguse, maana sabuni changa inaunguza. Nikavaa glavu, nikairudisha ndani kwa mwiko, huku nikisema peke yangu maneno ambayo mwimbaji wa kwaya hapaswi hata kuyajua. Kisha nikakaa chini nikalia. Nililia kweli.

"Ilikuwa inasikia baridi, mukamwana," akasema. Ndivyo anavyoniita mimi, mke wa mwanawe. Akakaa kando yangu, akalitazama blanketi lake, sasa lina doa kubwa la chungwa.

Sabuni ilipopoa ilibaki na shimo katikati, kila kipande kama kimetobolewa na panya. Ilibidi ikomae majuma kadhaa, naye akakataa kuondoka. Asubuhi alikuwa anavigeuza vipande kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Siku ya safari, mimi kwa aibu nilivificha chini ya meza. Akaviomba vyote. Mume wangu akamwonyesha yale mashimo, akamshauri angoje nitengeneze nyingine. Mama akaukumbatia mfuko.

"Muiache. Hii sabuni iko yangu," akasema. "Ni minye niliifunika."

Hakugawa hata kipande njiani, na blanketi akaniachia mimi.

Siku hizi watu wa Rurambo wanaagiza sabuni ya mama mkwe wangu, ile ya waridi yenye shimo. Niliwahi kuwapelekea nyingine laini, nzuri, niliyoipoza kwa ufundi wangu wote. Ilirudishwa, na salamu juu, kwamba hiyo siyo yenyewe. Basi napoza mawese, napima homa, natia waridi, kisha nachukua lile blanketi lenye doa na kuifunika vizuri pande zote. Halafu nakaa pembeni na glavu zangu na mwiko, nangoja iharibike.