Bahasha hufunguliwa mezani kwa Mama Nthambi

Saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni, Nthoki Ndeti anaiweka pasi yake ya makaa juu ya kigae, anafuta mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni na kuisogeza redio karibu na dirisha. Betri zimeshinda juu ya bati tangu asubuhi, zikiota jua ili zipate nguvu ya siku moja zaidi.

"Nyamazeni sasa," anawaambia vijana wanne walioketi mezani. "Mwalimu anaingia."

Mwalimu anayemsema ni sauti ya redioni. Leo anafundisha jinsi moyo unavyosukuma damu. Kwa muda wa nusu saa hakuna anayenong'ona katika chumba hiki cha Kariobangi. Vijana wanaandika. Nthoki anaendelea kupiga pasi upande wake wa meza, lakini hanyunyizi maji kwenye nguo hata tone, kwa sababu maji yakikutana na pasi ya moto hupiga kelele, na mtu anaweza kukosa neno.

Majirani humwita Mama Nthambi. Ana umri wa miaka arobaini na mitano, na kazi yake ni udobi. Hufua asubuhi kwenye bomba la ploti, linalotumiwa na wapangaji wote, kisha hupiga pasi kuanzia saa nane. Shati moja humpa shilingi moja. Siku njema hupata mashati ishirini, na siku ya mvua hapati hata moja.

Vijana hawa hawamlipi. Wote walifanya mtihani wa darasa la saba na kukosa nafasi katika shule za serikali, na wazazi wao hawawezi karo ya shule za binafsi. Sasa wanasoma masomo ya sekondari kwa posta. Vitabu huja kwa bahasha, mazoezi hurudi kwa bahasha, na mwalimu anayesahihisha hawajapata kumwona uso. Mnamo Novemba watafanya mtihani wa kidato cha pili.

Nthoki mwenyewe aliishia darasa la pili huko Masii. Husoma Biblia ya Kikamba polepole, akifuata mstari kwa kidole. Kiingereza hakijui.

"Watu huniuliza nafundisha nini," anasema. "Mimi sifundishi. Mimi nakaa nao tu."

Kukaa nao alikuanza mwaka wa 1977, na sababu yake ni binti yake.

Nthambi alikuwa mtoto wa kwanza. Alipokosa nafasi ya sekondari mwishoni mwa 1973, baba yake, aliyekuwa dereva wa lori, alimwandikisha masomo ya posta. Kwa miaka miwili msichana huyo alikaa mezani kila jioni, kitabu kikiwa wazi mbele yake. Mama yake alimkataza kuosha hata kikombe.

"Nikimwona ameinamisha kichwa, nilijua anasoma," asema Nthoki. "Sikuwahi kumwuliza unasoma nini. Ningeuliza nini, na mimi sijui?"

Asubuhi ya mtihani, Novemba 1975, alimpikia mayai mawili, wakaomba pamoja, akamsindikiza hadi barabarani. Nthambi alirudi jioni akasema mtihani haukuwa mgumu. Alisema hivyo siku zote za mtihani.

Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, Nthoki alikwenda mwenyewe kwenye kituo cha mtihani kuuliza. Karani alipekua orodha mara mbili. Jina la Nthambi Ndeti halikuwa miongoni mwa waliofaulu. Halikuwa miongoni mwa walioanguka pia. Hakuwa amejiandikisha.

"Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nikamkuta anapepeta mchele. Nikamwambia, nimetoka kituoni. Alikwenda akavuta katoni chini ya kitanda, akaniwekea mbele."

Ndani ya katoni zilikuwamo bahasha kumi na tatu. Mbili zilikuwa zimefunguliwa. Nyingine zilikuwa zimefungwa kama zilivyotoka posta. Nthambi alimweleza mama yake kwamba zoezi la kwanza lilirudi limejaa wino mwekundu, la pili vilevile, na tangu hapo akaogopa kuzifungua. Siku za mtihani alikuwa akishinda kwenye kiti cha nyuma cha kanisa mpaka saa za kurudi nyumbani zifike.

Hapa Nthoki anafungua pasi, anapuliza majivu, anaifunga tena.

"Andika pia kwamba nilimpiga," anamwambia mwandishi. "Usiandike yale mazuri tu. Nilimpiga kwa mwiko, na alikuwa msichana mkubwa wa miaka kumi na saba. Hakulia."

Siku tatu baadaye Nthambi alifunga nguo zake na kwenda kwa shangazi yake huko Wote, mji wa Ukambani. Aliolewa hukohuko. Mwaka wa 1980 alikuja kwa maziko ya baba yake, akakaa siku mbili, na mama na binti wakazungumza habari za jeneza, chakula na wageni. Hawajaonana tena.

Mwaka mmoja baada ya Nthambi kuondoka, Nthoki alikuwa akifua bombani alipomwona msichana wa jirani, Wacera, ameketi juu ya jiwe na bahasha ya kaki mapajani. Ilikuwa imefungwa. Alipomaliza kufua na kuanika, msichana alikuwa bado pale, na bahasha bado imefungwa.

"Niliijua ile bahasha," asema. "Nikamwambia, mwanangu, njoo uifungulie kwangu."

Wacera alikuwa amepata alama ishirini na nane kwa mia. Machozi yakamtoka. Nthoki aliuliza swali moja: maandishi haya mekundu yanasema nini?

Wacera akasoma, akimtafsiria. Kumbe mwalimu hakuwa ameandika matusi. Alikuwa ameeleza, swali moja baada ya jingine, mahali alipokosea na ukurasa wa kurudia.

Nthoki akainuka, akavuta ile katoni, ambayo hakuwa amekubali mtu aitupe. Akampa Wacera mazoezi mawili ya Nthambi.

"Nikamwambia, nisomee na haya."

Wacera, ambaye leo ni karani katika ghala moja la eneo la viwanda, Industrial Area, anaikumbuka siku hiyo. "Chini kabisa ya zoezi la kwanza mwalimu alikuwa ameandika: Umeanza vizuri. Usiogope makosa. Fanya tena swali la nne uniletee. Nilipomtafsiria, Mama Nthambi aliniomba nisome tena. Nikasoma mara tatu. Kisha akaenda nje, akakaa huko muda mrefu."

Tangu siku hiyo, nyumba hii ina sheria moja. Bahasha ikifika haifunguliwi njiani wala chumbani kwa mtu. Hufunguliwa mezani, mbele ya wenzake, na maneno ya mwalimu husomwa kwa sauti kabla ya mtu yeyote kutazama alama.

Vijana ishirini na watatu wamepita hapa. Kumi na wanne wamefaulu mtihani wa kidato cha pili. Watano waliacha njiani, na Nthoki anawataja kwa majina, mmoja mmoja, na anajua kila mmoja yuko wapi. Wanne ndio hawa waliopo.

Mambo yanayohitaji mtu aliyesoma humwachia Caleb Masinde, karani wa stoo anayeishi ploti ya pili, ambaye huja kila Jumamosi mchana kueleza hesabu. "Hesabu nawaeleza mimi," asema Masinde, "lakini wangekuwa wameshaacha kabla sijafika. Mtoto anayesoma peke yake nyumbani hashindwi na vitabu. Hushindwa na ile siku ya kurudishiwa makosa, akiwa hana wa kumwambia kwamba hata wengine wamekosea."

Kipindi cha redio kinapokwisha, Nthoki anaizima mara moja kulinda betri. Kisha anamgeukia Wacuka, msichana wa miaka kumi na saba aliyeketi mwisho wa meza.

"Yako imekuja tangu jana," anamwambia kwa sauti ya chini. "Nimemwona aliyekuletea."

Wacuka anatazama chini. "Mama, hii ni ya hesabu."

"Najua."

"Mara ya mwisho nilipata thelathini na nne. Baba amesema nikianguka Novemba, basi. Nitakaa naye sokoni."

Baba yake, Kabiru, hushona viatu katika soko la Kariobangi. Mwandishi alipomtembelea kibandani alisema hana ubaya na masomo. "Msichana akienda shule, namwona akivaa sare, naona akirudi na ripoti. Huyu wangu naona anakaa tu nyumbani. Mimi nitajuaje kama anasoma?"

Swali hilo Nthoki alikuwa amelisikia mapema, akalichukulia uzito. Tangu Agosti, Wacuka humpelekea baba yake kila zoezi lililosahihishwa na kumsomea maneno ya mwalimu, mazuri na mabaya, huku baba huyo akipiga nyundo.

Sasa Wacuka anaitoa bahasha mkobani. Anachana ukingo wake polepole. Wenzake wameweka kalamu chini. Anasoma kwa Kiingereza, kisha, kwa ajili ya mwenye nyumba, kwa Kiswahili.

"Anasema swali la kwanza na la pili ni sawa. La tatu nimekosea alama ya kutoa. Anasema..." Anasita. "Anasema sasa naeleza kila hatua, kwa hivyo anaona ninavyofikiri. La tano nirudie lote."

"Na alama?" anauliza Nthoki.

"Arobaini na saba."

Hakuna anayepiga makofi. Arobaini na saba haitoshi, na kila mtu mezani anajua. Lakini Wacuka amekwisha kuvuta daftari, na kijana aliye kando yake anamsogezea rula. Nthoki anarudi kwenye kola ya shati.

Mtihani utakuwa baada ya wiki tisa. Mwaka huu Nthoki alihakikisha kwa macho yake kwamba wote wanne wamejiandikisha. Alikwenda nao kituoni na kusubiri kila mmoja apewe namba. Ameomba pia kanisa limpe chumba, kwa sababu mwakani wazazi saba wamesema wataleta watoto, na meza yake haiwezi kubeba saba pamoja na nguo za watu. Bado hajajibiwa.

Kwa nafsi yake ana mpango mmoja. Amewaambia wateja kwamba wiki ya kwanza ya Desemba hatapokea nguo. Atakwenda Wote. Hajamwandikia Nthambi, kwa sababu barua ingebidi aandikiwe na mtu mwingine, na maneno haya anataka kuyasema mwenyewe.

"Nataka kumwambia nilikosea," anasema. "Alidanganya, ndiyo. Lakini alikaa miaka miwili na hofu ndani ya chumba hiki, hatua tatu kutoka mahali niliposimama, na mimi sikumwuliza. Halafu nikampiga."

Anakunja shati, analichukua jingine.

"Akinipokea, nitakaa wiki nzima. Asiponipokea, nitakuwa nimefika."