Siku Niliyoidanganya Mashine ya Moyo

Asubuhi moja nilifunga chumba changu cha Kinoru, nikashika barabara ya Embu bila mpango. Ndivyo nilivyoishi tangu niache shule darasa la sita. Mfukoni nilikuwa na muguka, yale majani tunayotafuna ili kazi isituchoshe.

Siku ya tatu, nikibeba mawe ya mjengo Embu, moyo ulianza kurukaruka kama kuku ndani ya gunia. Nilizinduka chini, suruali imelowa mkojo.

Hospitalini walinipima kwa waya, karatasi ikatoka na mistari. Niliuliza maana ya kila mmoja.

"Sasa moyo umetulia," daktari akasema. "Itabidi tuuvizie."

Wakanifunga kimashine kifuani, kama redio ndogo, cha kunasa mapigo mchana na usiku. Nesi akaniambia, "Ishi kama kawaida yako. Usioge tu."

Mimi nikajipanga kama mtu anayetarajia wageni. Sikutafuna jani, sikubeba jiwe. Nilikaa kwenye benchi nikanywa uji. Kesho yake mashine haikuonyesha kitu, nami nikafurahi kama mtu aliyepita mtihani.

Wiki iliyofuata nilianguka tena na jiwe begani. Nusura linipasue kichwa.

"Ile siku ya mashine ulitafuna muguka?" nesi yuleyule akauliza niliporudishwa hospitalini.

"Hapana, sista. Nilitaka ionekane vizuri."

"Tunatafuta mwizi, na wewe unamwambia ajifiche?"

Nilicheka, kisha nikalia. Nikamweleza yote, hata kiasi ninachotafuna. Wakanilaza na kunifunga mashine palepale, muguka wa asubuhi ungali mwilini. Jioni ilimnasa mwizi.

"Umeme wa moyo wako unapita njia mbaya," daktari akasema, "na muguka unauchochea. Ungetuficha tena, tungekuzika."

Nilipewa tembe, nikaacha muguka. Wiki za kwanza nilikuwa mkali kama nyuki. Sasa ni miezi mingi sijaanguka. Namshukuru Mungu, na yule nesi aliyeniuliza bila kunidharau.

Juzi miguu ikaniwasha tena, nikashika barabara. Nilifika Karurumo jua likitua, mama mmoja akanipa chumba nyuma ya duka lake. Akaniwekea muguka mezani, heshima ya mgeni.

"Samahani, mama. Moyo wangu umekataa." Nikamsimulia.

Akauondoa, akaleta uji. Akaketi, mkono kifuani mwake.

"Hiyo mashine," akauliza polepole, "inauma?"

"Haiumi, mama. Ila usiidanganye."